Hofu Haipimwi kwa Damu

Wapenzi wa filamu za kutisha wakikutana, swali huwa lile lile: "Nitajie moja kali, kali kuliko zote ulizowahi kuona." Jibu nalo limezoeleka. Aliyeulizwa hutaja iliyomwaga damu nyingi, au iliyopigwa marufuku katika nchi nyingi, kisha hukaa akingoja ripoti. Ripoti ikija huwa ni moja kati ya mbili: ama muulizaji amepiga miayo mpaka mwisho, ama ameizima katikati na hataki tena kusikia habari za filamu hizo.

Tatizo liko kwenye kipimo. Filamu mbili zinaweza kuitwa kali zote, na zisifanane hata kidogo kwa namna zinavyomshika mtazamaji. Moja inamrusha kitini. Nyingine inamngojesha mpaka anaomba jambo litokee liishe. Ipo inayomfanya asiyaamini macho yake, ipo inayomchafua tumbo, na ipo ambayo haimtishi sana akiwa anaitazama, ila inakataa kuondoka kichwani siku nyingi baadaye. Anayeistahimili moja ya hizo anaweza kushindwa kabisa na nyingine. Kwa hiyo kabla ya kumtajia mwenzako filamu, jiulize kwanza anataka kuogopeshwa kwa njia ipi. Hapa nitazipitia njia tano, nikieleza kila moja inavyotengenezwa na filamu ninazompa anayeitaka. Mwisho wa filamu sitausimulia hata mmoja.

Mshtuko

Hii ndiyo njia rahisi kuliko zote: kimya, kisha kishindo. Mwili unaruka kabla akili haijauliza kuna nini. Udhaifu wake ni kwamba hauishi muda mrefu. Ukiitazama filamu mara ya pili unajua kishindo kiko wapi, na hofu imekwisha. Hata hivyo mshtuko ulioandaliwa kwa uangalifu ni kitu kingine, na mfano bora bado ni wa mwaka 1942.

Mwaka huo studio ya RKO ya Hollywood ilikuwa imemkabidhi mtayarishaji Val Lewton bajeti ndogo na jina la filamu lililokwisha kuchaguliwa: Cat People. Hadithi yenyewe ilikuwa haijaandikwa. Lewton na mwongozaji Jacques Tourneur hawakuwa na fedha za kutengeneza zimwi la kuaminika, wakaamua kuliacha gizani. Irena, mwanamke kutoka Serbia anayeishi New York, anaamini kwamba mapenzi au wivu ukimzidi atageuka chui mweusi. Usiku mmoja mwanamke ambaye Irena anamwonea wivu anatembea peke yake kando ya ukuta wa Central Park. Tunasikia viatu vya watu wawili. Kisha vya mmoja. Mwanamke anaharakisha, anageuka, haoni mtu; taa za barabarani zinamwachia giza na kumpokea tena. Mtazamaji amekwisha kukaza misuli akingoja mnyama aruke, na hapo ndipo mlio mkali unapasua kimya: ni breki za upepo za basi linalosimama kumpakia.

Hakuna kilichotokea. Basi limefika, basi. Mpaka leo watu wa filamu huiita mbinu hiyo basi la Lewton, na ni shida kupata filamu ya kutisha isiyoiga: paka anayechomoka kabatini, rafiki anayeshika bega kwa nyuma. Wengi huiga kishindo na kuisahau ile dakika ya viatu iliyokitangulia, na ndiyo maana wanatushtua bila kututisha. Cat People ina dakika 73 tu. Ninampa mtu anayedhani filamu za zamani haziwezi kumfanya lolote.

Kungoja

Alfred Hitchcock alieleza tofauti ya mshtuko na kungoja katika mahojiano yake na mwongozaji Mfaransa François Truffaut, yaliyotolewa kama kitabu mwaka 1966. Watu wawili wanazungumza mezani, bomu linalipuka chini ya meza: mtazamaji ameshtuka kwa sekunde 15. Sasa mwonyeshe mtazamaji bomu kwanza, na saa iliyoko ukutani. Mazungumzo yale yale yasiyo na maana yanakuwa mateso ya dakika 15, kwa sababu anayetazama anajua na wanaozungumza hawajui.

Psycho ya mwaka 1960 inatumia vyote viwili. Tukio lake la mauaji ya bafuni huchukua kama sekunde 45, lakini kulipiga picha kulihitaji wiki nzima, kamera iliwekwa katika mikao 78, na mhariri akakata picha mara 52. Damu ni sharubati ya chokoleti, kwa kuwa filamu haina rangi. Sauti ya kisu ni tikiti linalochomwa. Hitchcock alikuwa amekusudia tukio lisiwe na muziki. Mtunzi Bernard Herrmann aliandika hata hivyo, akitumia ala za nyuzi peke yake, na bosi wake aliposikia akabadili uamuzi. Watu hulikumbuka bafu na kusahau hesabu iliyofuata. Baada ya tukio lile Hitchcock hahitaji kuonyesha mengi. Tumejua nyumba iliyo juu ya kilima ina nini, na kila anayepanda ngazi zake ni yule mtu mwenye bomu chini ya meza.

John Carpenter alilishika somo hilo. Halloween (1978) iligharimu takribani dola 300,000. Kinyago cha muuaji kilinunuliwa dukani, kikiwa na sura ya William Shatner wa Star Trek, kikapakwa rangi nyeupe na kupanuliwa matundu ya macho. Damu karibu haipo. Silaha ya Carpenter ni upana wa picha: msichana anaongea na simu upande mmoja, na upande wa pili umeachwa mtupu kwa muda usio wa kawaida. Jicho linahamia huko lenyewe. Mara nyingi hakuna mtu. Mara chache yupo, amesimama tu, mchana kweupe. Muziki aliutunga mwenyewe kwa mapigo matano badala ya manne yaliyozoeleka, na sikio halipati mahali pa kupumzika.

Kwa msomaji wa Kiswahili ninaongeza Get Out ya Jordan Peele (2017). Chris, kijana mweusi mpiga picha, anakwenda kutambulishwa kwa wazazi wa mpenzi wake mzungu. Mwanzoni, majina yakipita juu ya picha ya msitu na kabla hatujamwona Chris, unasikika wimbo wa kwaya kwa Kiswahili, "Sikiliza kwa Wahenga", uliotungwa na Michael Abels. Peele alitaka sauti za wahenga weusi zimwonye kijana huyu, na zimwonye kwa lugha ambayo watazamaji wengi wa Marekani wasingeielewa. Kwao ni sauti za mbali zinazotia wasiwasi. Sisi tumeonyeshwa bomu waziwazi, na tunakaa karibu saa mbili tukimtazama asiyesikia la mkuu akienda kuvunjika guu. Filamu hiyo ilimpatia Peele Oscar ya uandishi. Akiipenda, mpe Us ya 2019, ambamo Lupita Nyong'o anacheza wahusika wawili wanaowindana, kila mmoja na sauti yake na mwendo wake.

Mashaka

Katika njia ya tatu mtazamaji hajui kama anachokiona kipo. Hapa nampendekeza Robert Wise, mtu ambaye wengi wanamjua kwa The Sound of Music bila kujua kwamba uongozaji aliuanza mwaka 1944 katika kikosi cha Val Lewton. Somo la Cat People analirudia katika The Haunting (1963), iliyotokana na riwaya ya Shirley Jackson. Watu wanne wanahamia kwenye jumba la kifahari kuchunguza kama kweli lina mizimu, na mzimu hauonekani hata mara moja. Kuna kishindo kinachotembea kwenye korido usiku na kusimama mbele ya chumba. Kuna mlango mnene wa mbao unaotuna kuelekea ndani, polepole, kisha unarudi. Na kuna Eleanor, mwanamke mpweke aliyemaliza ujana wake akimuuguza mama yake, ambaye pengine jumba linamwita, pengine yeye ndiye anayetamani kuitwa.

Pacha wake ni The Innocents ya Jack Clayton (1961). Deborah Kerr ni mwalimu anayeajiriwa kulea watoto wawili mayatima katika nyumba ya shamba nchini Uingereza. Anaanza kuwaona wafanyakazi waliokwisha kufa. Watoto wanasema hawaoni kitu. Ama watoto wanadanganya, ama mlezi wao ndiye hatari. Hakuna jibu linaloleta usingizi.

Rosemary's Baby (1968) inaleta mashaka hayo ndani ya ndoa. Mke mjamzito amehamia jengo la zamani la New York. Majirani wazee ni wakarimu kupita kiasi: wanamletea kinywaji cha mitishamba kila siku, wanamchagulia daktari, na mumewe, mwigizaji aliyekuwa hana kazi, ghafla anapata bahati. Kila jambo lina maelezo ya kawaida likiwa peke yake. Kikulacho ki nguoni mwako, ila filamu inakukalisha zaidi ya saa mbili ukijiuliza kama nguoni kuna kitu au ni wasiwasi wa mimba tu. Mwenzako ajue pia kwamba mwongozaji, Roman Polanski, alikiri mahakamani mwaka 1977 kosa la kufanya ngono na mtoto, akakimbia Marekani kabla ya hukumu. Wapo wasiotaka kumtazama kwa sababu hiyo, na ni haki yao kuamua wakijua.

Filamu za kundi hili ni za mtu mwenye subira. Anayetazama huku anachati ataziona hazina kitu, kwa sababu kazi kubwa inafanywa na yeye mwenyewe.

Mwili

Kinyaa ni kinga. Kinatufukuza kwenye uozo, usaha na kila kinachoweza kutuambukiza. Filamu za mwili zinakichokoza kwa makusudi, kisha zinauliza swali zito zaidi ya damu: mwili ukiacha kukutii, wewe unabaki nani?

Alien ya Ridley Scott (1979) ndiyo lango la kundi hili. Katika tukio maarufu la mezani, waigizaji walijua kitu kingetoka kifuani mwa mwenzao, lakini hawakuandaliwa kwa wingi wa damu iliyorushwa. Mruko wa Veronica Cartwright unaouona si uigizaji. The Thing ya Carpenter (1982) inakwenda mbali zaidi. Kambi ya utafiti Antaktika imevamiwa na kiumbe kinachoweza kujigeuza mtu yeyote, kikawa na sura, sauti na kumbukumbu zake. Maumbo yake ya kutisha yalitengenezwa kwa mikono na Rob Bottin, kijana wa miaka ishirini na kitu, aliyefanya kazi mpaka akalazwa hospitali kwa uchovu. Ilitoka wiki mbili baada ya E.T. ya Steven Spielberg, wakati watu walitaka mgeni wa kumkumbatia, nayo ikafanya vibaya sokoni. Leo inahesabiwa miongoni mwa vilele vya filamu za kutisha.

The Fly ya David Cronenberg (1986) inamhusu mwanasayansi ambaye vinasaba vyake vimechanganyika na vya nzi. Muhtasari huo unachekesha, filamu haichekeshi. Zaidi ya nusu yake ni mwanamke anayemtazama mpenzi wake akibadilika siku hadi siku: ngozi, meno, nguvu, kisha tabia, bila dawa. Kazi ya kumpamba Jeff Goldblum ilipata Oscar, lakini kinachouma ni upendo. Kwa sababu hiyo The Fly simpi mtu aliyetoka kuuguza nyumbani kwake. Anaweza kuistahimili damu ya filamu kumi, akashindwa na tukio moja la mgonjwa kumwomba mwenzake asije tena.

Zinazokataa kuondoka

Watu wanaposema filamu imewafadhaisha, mara nyingi wanazungumzia kundi hili, na hapa ndipo hesabu ya damu inapokosea zaidi. The Texas Chain Saw Massacre ya Tobe Hooper (1974) ina jina la buchani, na mashabiki huapa kwamba wameona ndoano ikizama mgongoni mwa msichana. Hawajaiona. Kamera inaonyesha ndoano, inaonyesha uso, inaonyesha beseni chini. Kilichobaki wamekijaza wao. Kinachoonekana kweli ni joto la Texas, mifupa na nyama iliyooza kwenye seti, na waigizaji waliochoka kweli: tukio la chakula cha usiku lilipigwa picha mfululizo kwa zaidi ya saa 24. Bodi ya filamu ya Uingereza iliikatalia kibali mwaka 1975, na haikukitoa mpaka 1999. Mkasi haukuwa na pa kukata, kwa sababu kilichowasumbua hakikuwa ndani ya picha moja.

Spoorloos ya Mholanzi George Sluizer (1988) inatisha kwa utulivu. Wapenzi wawili walio likizo wanasimama kwenye kituo cha mafuta nchini Ufaransa. Mwanamke anaingia ndani kununua vinywaji, haonekani tena. Mwanamume anamtafuta kwa miaka mitatu. Mapema kabisa filamu inatuonyesha mhusika wa uovu huo: mwalimu wa kemia, baba wa mabinti wawili, mcheshi mezani, anayefanya mazoezi ya utekaji kwa saa na daftari kama mtu anayejiandaa kwa mtihani. Kinachotisha kwake ni kwamba hana alama yoyote. Mwaka 1993 Sluizer huyo huyo aliitengeneza upya Hollywood kwa mwisho uliolainishwa. Mpe mwenzako ya kwanza, na umweleze waziwazi asichanganye.

Audition ya Mjapani Takashi Miike (1999) inafanya hila ya aina nyingine. Mjane wa kiume anashauriwa na rafiki yake kuita wanawake kwenye usaili wa filamu ya uongo ili ajichagulie mke. Kwa muda mrefu unatazama mapenzi ya watu wazima, ya upole, hata ya kuchosha. Upole huo ndio mtego, kwani umekubali usaili ule wa hila pamoja naye kabla hujajua utalipiwa nini. Nusu saa ya mwisho si ya kila mtu, na hilo lisemwe mapema.

Na ipo Come and See ya Elem Klimov (1985), ambayo madukani huwekwa kwenye rafu ya vita. Mvulana wa Belarusi anajiunga na wapiganaji wa msituni mwaka 1943, na uso wake unazeeka mbele yetu. Inafunga kwa kukumbusha kwamba vijiji 628 vya Belarusi vilichomwa pamoja na wakazi wake. Ninaitaja kwa sababu mpenzi wa filamu za kutisha anayejigamba kwamba hakuna kinachomgusa hupatikana hapa. Usimpe mtu usiku wa kujifurahisha.

Alichokiamini mtazamaji

Njia zote tano zinategemea mtu amekuja na nini. The Exorcist ya William Friedkin (1973) ndiyo filamu ya kwanza ya kutisha kupendekezwa kwa Oscar ya filamu bora. Msichana wa Washington anaingiliwa na pepo, na mapadri wawili wanaitwa. Friedkin alikuwa ametengeneza filamu za hali halisi kabla ya hapo, akaipiga hii kwa jicho hilo hilo: chumba cha msichana kilipozwa kwa mashine mpaka pumzi za waigizaji zikaonekana. Asiyeamini pepo mara nyingi hukumbuka zaidi tukio la hospitali, sindano ikiingia shingoni mwa mtoto. Aliyekulia katika nyumba ambayo watu huombewa, au mtaani ambako majini si hadithi, anaitazama kama habari. Ndiyo maana Living in Bondage ya Nigeria (1992), yenye mtu anayemtoa mkewe kafara ili atajirike, iliweza kutisha bila vifaa vya Hollywood: watazamaji walikuja na tetesi za utajiri wa namna hiyo tayari.

Kwa hiyo usimcheke anayekataa The Exorcist na kuikubali The Thing. Hajaogopa kidogo wala zaidi yako. Anaogopa mahali pengine.

Zenye sifa mbaya

Kuna filamu zinazotafutwa kwa sababu tu zilikatazwa. Miaka ya 1980 Uingereza iliingiwa na hofu ya kanda za video, ikapitisha sheria ya mwaka 1984 ya kuzidhibiti, na waendesha mashtaka wakawa na orodha ambayo filamu 72 kwa jumla zilipata kuwemo. Vijana waliigeuza kuwa orodha ya manunuzi. Ndani yake ilikuwemo The Evil Dead ya Sam Raimi, yenye ubunifu na vichekesho, ikiwa bega kwa bega na takataka ambazo leo zingekuwa zimesahaulika kama zisingekamatwa.

Cannibal Holocaust ya Ruggero Deodato (1980) inatajwa daima. Nchini Italia ilikamatwa, na mwongozaji akalazimika kuwaleta waigizaji wake kuthibitisha kwamba wako hai. Lakini wanyama wanaouawa mbele ya kamera waliuawa kweli, na kwa sababu hiyo siipendekezi. Hofu ya filamu ni mkataba kwamba hakuna anayeumia. Salò ya Pier Paolo Pasolini (1975) ina hoja nzito kuhusu ufashisti na nguvu za mwenye amri juu ya miili ya wasio nacho, lakini ni mateso ya vijana tangu mwanzo hadi mwisho. Ninaitaja kwa anayesoma historia hiyo, kamwe si kwa anayetaka "kali".

Kabla ya kumtajia

Maswali matatu yanatosha. Filamu gani ilimshinda, na ilimshinda wapi? Ataitazama na nani? Na kuna jambo gani ambalo hataki kulikuta: watoto kuumizwa, ubakaji, wanyama, maradhi? Kumwonya juu ya mambo hayo si kumharibia. Ukimwambia Audition ina mateso mwishoni hujamwambia nani, vipi wala kwa nini.

Usimwanzishe na ya zamani zaidi kwa sababu tu ni ya zamani. Nosferatu ya F. W. Murnau (1922) ni mama wa filamu zote za mnyonya damu. Ilitengenezwa bila ruhusa ya wenye Dracula, mahakama ya Ujerumani ikaamuru nakala zake ziteketezwe, na ni bahati kwamba chache zilisalia. Hata hivyo mgeni aliyeanza na filamu isiyo na sauti ataiheshimu bila kuiogopa. Mwanzishe na Halloween au Get Out, kisha Cat People, kisha The Haunting. Hapo atakuwa amejifunza kusikiliza, na kivuli cha Nosferatu kikipanda ngazi kitampata.

Kusikiliza ndiyo nusu ya kazi. Wengi wetu tulizijua filamu za nje kwenye vibanda vya video, zikisimuliwa na mabingwa kama Lufufu Dar es Salaam, DJ Afro Kenya au ma-VJ wa Uganda. Filamu ya mapigano hunoga kwa msimulizi. Ya kutisha hufa, kwa sababu msimulizi hujaza kimya, na kimya ndicho kilichokuwa kikifanya kazi. Mpe mwenzako nakala yenye sauti yake ya asili na maandishi chini, avae spika za masikioni ikiwezekana, simu iwe mbali.

Na akiizima katikati, usimwite mwoga. Muulize ni dakika ya ngapi. Aliyezima The Fly kwenye maradhi anaweza kupenda Halloween. Aliyeikimbia The Exorcist kwa ajili ya pepo atakaa na Spoorloos mpaka mwisho. Aliyesinzia kwenye The Haunting anahitaji Alien. Dakika aliyozima itakwambia ya kumpa kesho vizuri kuliko orodha yoyote ya filamu mia moja bora.